Atomu Zinagusana Wapi? Mwongozo wa Kuzielewa Fuwele kwa Machungwa na Gololi

Ukipita sokoni hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, asubuhi utakuta nyanya zimepangwa kwa mafungu. Fungu dogo ni nyanya tatu chini na moja juu. Fungu kubwa ni nne chini na moja juu. Mama anayepanga hana haja ya rula. Anaiachia ile ya juu, nayo inateleza yenyewe mpaka inatulia katika shimo lililo katikati ya zile za chini. Mimi hufundisha kemia, na kila ninapolitazama fungu hilo naona nusu ya somo langu la fuwele, yaani vitu vigumu ambavyo atomu zake zimepangwa kwa utaratibu unaojirudia, limekwisha kufundishwa.

Wanafunzi wa kidato cha tano hunijia wakiwa na fomula tatu kichwani: moja ya mchemraba mtupu, moja ya chuma, moja ya shaba. Wakifika kwenye mtihani zinachanganyika, na ya shaba inapewa chuma. Kosa si lao. Kwa miaka kadhaa mimi mwenyewe niliziandika ubaoni zikiwa zimeiva, wakanakili, tukaendelea. Siku niliyobeba machungwa darasani ndipo nilipoona kwamba fomula hizo zote ni jibu la swali moja: atomu zinagusana wapi? Ukishaujua mstari ambao atomu zinagusana juu yake, zinazobaki ni hesabu za pembetatu za Pythagoras ulizosoma zamani.

Mwongozo huu unafuata swali hilo hatua kwa hatua. Usiusome tu. Uufanye kwa mikono.

Vitu vya kutafuta

Tafuta machungwa kumi na manne yanayolingana, yenye kipenyo cha sentimita 7 hivi. Chagua kwa makini, mwombe muuzaji akuruhusu kuyapima kwa rula, maana chungwa moja kubwa linaharibu mpango mzima. Ongeza gololi za kawaida (milimita 16), mipira michache ya tenisi ya mezani (milimita 40), pesheni moja au mbili, pakiti ya vijiti vya kuchokolea meno, rula na kikokotoo. Machungwa mtayala mwishoni, kwa hiyo hakuna hasara.

Katika hesabu zote, r ni nusukipenyo cha atomu na a ni urefu wa ukingo wa mchemraba. Mchemraba huo ndio seli ya msingi, yaani kipande kidogo kabisa ambacho ukikirudiarudia pande zote unapata fuwele nzima. Kwa machungwa yetu, r ni milimita 35.

Hatua ya kwanza: mchemraba mtupu

Panga machungwa manne yawe mraba mezani, kisha weka manne mengine juu yake, kila moja likikaa sawasawa juu ya la chini. Yashikishe kwa vijiti. Yanagusana wapi? Kwenye ukingo: kutoka kitovu cha chungwa moja hadi kitovu cha jirani yake kuna r moja na r nyingine. Basi a = 2r, milimita 70.

Sasa hesabu atomu zilizo ndani ya seli. Ukiziunganisha seli nyingi, kila chungwa la pembeni linagawanywa na michemraba minane, kwa hiyo mchemraba mmoja unapata sehemu nane za moja kwa nane, yaani atomu moja nzima. Kila atomu ina majirani sita, na asilimia 52 tu ya nafasi imejaa. Mpango huu ni wa ovyo, na asili yenyewe inaukwepa: kati ya elementi zote, inayoupenda katika hali ya kawaida ni poloniamu peke yake. Tusikae hapa sana.

Hatua ya pili: mkazi wa katikati

Ndani ya mchemraba ule kuna uwazi. Jaribu kutia pesheni yenye upana wa milimita 51. Itaenea na kuwagusa wote wanane. Sasa itoe, ujaribu kutia chungwa la tisa. Halitaingia mpaka uyasukume yale manane yaachane. Hilo ndilo ninalotaka ulione kwa macho yako: likiisha kuingia, machungwa ya pembeni hayagusani tena. Pima pengo kati ya jirani na jirani, utapata milimita 11 hivi.

Yanagusana wapi basi? Kwenye ulalo mrefu wa mchemraba, ule unaotoka pembe ya chini upande mmoja, unapita katikati, na kuishia pembe ya juu upande wa pili. Juu ya mstari huo kuna r ya pembe, kipenyo kizima cha chungwa la katikati, na r ya pembe nyingine. Jumla ni 4r. Pythagoras anasema ulalo huo ni a mara kipeuo cha pili cha 3. Kwa hiyo a = 4r ÷ 1.732 = 2.309r. Kwa machungwa yetu ni milimita 81, na 81 ukitoa 70 unalipata lile pengo la 11.

Hivi ndivyo chuma kilivyo katika joto la kawaida. Ukingo wa seli yake ni pikomita 286.6 (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita), na ukigeuza fomula unapata r ya pikomita 124. Seli ina atomu mbili, kila atomu ina majirani wanane, na nafasi iliyojaa ni asilimia 68.

Hatua ya tatu: shaba ya Kilembe

Mgodi wa Kilembe uko hapo juu tu, na shaba yake ilianza kuchimbwa kibiashara mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese. Ilisafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa. Watu wengi wa mji huu, na Kiswahili chao, waliletwa na shaba hiyo, kwa hiyo naona haya kumfundisha mtoto wa hapa fuwele bila kuanza na metali ya mlima wake.

Panga machungwa manne katika pembe za mraba, lakini safari hii weka la tano katikati ya mraba huo, yale manne yakilizunguka na kuligusa. Huo ni uso mmoja wa mchemraba. Nyuso zote sita ziwe hivyo: pembe nane na vitovu sita, jumla machungwa kumi na manne. Kuyashikilia kwa vijiti kunataka subira na mtu wa kukusaidia.

Yanagusana kwenye ulalo wa uso: r, 2r, r. Ulalo wa uso ni a mara kipeuo cha pili cha 2, kwa hiyo a = 4r ÷ 1.414 = 2.828r. Machungwa ya pembeni sasa yako mbali zaidi, milimita 99 kutoka kitovu hadi kitovu, na kati yao kuna pengo la milimita 29. Likumbuke pengo hilo, tutalirudia.

Atomu ni ngapi? Pembe nane zinatoa moja. Vitovu sita vya nyuso, kila kimoja kikigawanywa na seli mbili, vinatoa tatu. Jumla nne. Kila atomu ina majirani kumi na wawili, na nafasi iliyojaa ni asilimia 74.

Tuipime kwa densiti, maana hapo ndipo hesabu mbovu inapojifichua. Mtihani unakupa r ya shaba pikomita 128, masi ya moli moja gramu 63.55, na namba ya Avogadro (idadi ya atomu katika moli moja) 6.022 × 10²³. Tafuta a: 2.828 × 128 = pikomita 362, yaani sentimita 3.62 × 10⁻⁸. Ujazo wa seli ni sentimita za ujazo 4.74 × 10⁻²³. Masi ya atomu nne ni 4 × 63.55 ÷ (6.022 × 10²³). Gawanya masi kwa ujazo, unapata gramu 8.9 kwa kila sentimita ya ujazo. Shaba halisi ni 8.96. Umefika.

Sasa tuseme umesahau mstari wa kugusana, ukatumia a = 2r huku ukihesabu atomu nne. Utapata kama 25. Hakuna metali yenye densiti hiyo duniani: osmiamu, inayoongoza kwa uzito, ni 22.6 tu. Jibu likikujia hivyo usilikabidhi. Rudi uulize zinagusana wapi.

Kituo kidogo kwenye mafungu

Turudi kwa nyanya. Panga machungwa sita yawe pembetatu mezani (tatu, mbili, moja), weka matatu kwenye mashimo yaliyo juu yake, na moja kileleni. Hayo kumi ndiyo mpango wa shaba, ukiwa umesimama juu ya pembe yake. Ondoa la kileleni uchungulie kutoka juu kupitia shimo la katikati: utaiona meza.

Bomoa, panga upya. Safari hii weka moja katikati na sita kulizunguka, kisha matatu juu, na moja kileleni. Ondoa la kileleni uchungulie: huoni meza, unaona chungwa. Safu ya tatu imekaa sawasawa juu ya safu ya kwanza. Huu ndio mpango wa magnesiamu na zinki. Ujazaji ni ule ule, asilimia 74, na majirani ni wale wale kumi na wawili. Kinachotofautiana ni mfuatano wa safu.

Asilimia 74 ndiyo kikomo cha kupanga mipira inayolingana. Johannes Kepler alidai hivyo mwaka 1611, na ilichukua karibu miaka mia nne kabla Thomas Hales hajatoa uthibitisho mwaka 1998. Wauza machungwa hawakusubiri uthibitisho huo.

Ukitaka kuona mpangilio una thamani gani, jaza gololi kwenye jagi bila kuzipanga, zitikise kidogo, kisha mimina maji mpaka yafike juu, ukiyapima. Maji yatachukua zaidi ya theluthi moja ya jagi, maana gololi za kumwagwa tu hujaza asilimia 60 hadi 64. Tofauti hadi 74 ndiyo faida ya kupanga.

Hatua ya nne: kupima matundu

Hapa ndipo uhusiano wa ukubwa unapoanza kutawala. Hata mpango uliobana kabisa huacha robo ya nafasi wazi, na uwazi huo umegawanyika katika matundu yenye kipimo maalumu.

Chukua fungu dogo: matatu chini, moja juu. Kabla ya kuweka la juu, tia gololi katikati. Kwa machungwa ya sentimita 7, gololi ya milimita 16 inaenea humo, ikiwagusa wote wanne. Hilo ni tundu la majirani wanne, na kipimo chake ni 0.225 ya r. Asili ya namba hiyo ni hii. Fikiria mchemraba mdogo ambao machungwa manne yamekaa kwenye pembe zake, pembe moja ikirukwa na nyingine ikikaliwa. Yanagusana kwenye ulalo wa uso, kwa hiyo ulalo huo ni 2r na ukingo ni 1.414r. Ulalo mrefu ni 2.449r, nusu yake ni 1.225r. Toa r ya chungwa, kinachobaki ni 0.225r.

Tundu la pili lina majirani sita. Liko ndani ya lile fungu la kumi, hapo hapo ulipochungulia ukaona meza: matatu chini yake na matatu juu yake. Hesabu yake ni nyepesi. Kata tundu hilo katikati, utaona machungwa manne katika mraba wenye ukingo wa 2r. Ulalo wa mraba ni 2.828r, na ndani yake kuna r mbili za machungwa na kipenyo cha mgeni, yaani mpira unaotiwa tunduni. Nusukipenyo cha mgeni ni 0.414r, kipenyo chake milimita 29. Ndilo lile pengo la shaba nililokuomba ulikumbuke. Tundu hili hili hukaa katikati ya kila ukingo wa seli ya shaba, na moja zaidi katikati kabisa ya mchemraba.

La tatu umeshaliona, lile la pesheni lenye majirani wanane: 0.732r.

Hatua ya tano: chumvi ya Ziwa Katwe

Kusini mwa mji wetu liko Ziwa Katwe, ziwa la kreta ambako watu huvuna chumvi kwa mikono katika vidimbwi. Chumvi hiyo imechanganyika na magadi na salfeti, kwa hiyo ukitaka fuwele safi yeyusha chumvi ya dukani katika maji ya moto, iache kwenye sahani kivulini siku kadhaa bila kuigusa. Zitazame kwa lenzi. Vipande ni mraba mraba, vina pembe kali, hata vile vidogo mno. Umbo hilo linatoka ndani kabisa, kwenye mpangilio wa ioni, yaani atomu zenye chaji.

Ioni ya kloridi ina r ya pikomita 181, ya sodiamu 102. Gawanya ndogo kwa kubwa: 102 ÷ 181 = 0.56. Weka namba hiyo kwenye matundu yetu. Imezidi 0.414, haijafika 0.732. Basi sodiamu inakaa katika tundu la majirani sita.

Kwa nini mgeni azidi tundu, asiwe mdogo kuliko tundu? Hili ndilo wanafunzi hulikosa. Kloridi zote zina chaji hasi, zinasukumana. Kinachozishika pamoja ni sodiamu ya katikati. Sodiamu ikiwa ndogo mno itachezacheza ndani ya tundu bila kuzifikia kloridi, nazo zitabaki zikigusana zenyewe kwa zenyewe na kusukumana. Jengo halisimami. Mgeni akiwa mkubwa kidogo anazisukuma ziachane, na yeye anawagusa wote sita. Ndiyo hali bora.

Ufanye kwa mikono. Mpira wa tenisi ya mezani wenye milimita 40 ukigawanywa kwa chungwa la 70 unatoa 0.57, karibu kabisa na chumvi. Zungusha machungwa sita yauguse mpira huo: manne ubavuni, moja juu, moja chini. Machungwa yenyewe hayagusani. Kati ya moja na jirani yake kuna milimita 8, penseli inapita. Kwenye chumvi halisi pengo kati ya kloridi mbili ni kama pikomita 37.

Mstari wa kugusana sasa ni ukingo: kloridi, sodiamu, kloridi. Basi a = 2 × (181 + 102) = pikomita 566. Kipimo halisi ni 564. William Henry Bragg na mwanawe William Lawrence ndio waliousoma mpango huu wa chumvi kwa miale ya eksirei mwaka 1913, wakapewa tuzo ya Nobel miaka miwili baadaye, mtoto akiwa na umri wa miaka 25.

Kloridi ya sesiamu inatoa zaidi ya 0.9, kwa hiyo sesiamu ina majirani wanane. Salfaidi ya zinki inatoa kati ya 0.33 na 0.40, kwa hiyo zinki ina wanne.

Hatua ya sita: pale kanuni inapokataa

Nakusihi usiifanye kanuni hii kuwa sheria. Kloridi ya potasiamu ni 138 ÷ 181 = 0.76. Kwa hesabu ingekuwa na majirani wanane, lakini ina sita kama chumvi ya kawaida. Inahamia kwenye wanane pale tu ukiibana kwa shinikizo linalokaribia mara 20,000 ya shinikizo la hewa. Iodidi ya lithiamu nayo inatoa 0.35, ingekuwa na wanne, ina sita.

Sababu ni kwamba ioni si gololi. Inabonyea, na ukubwa wake wenyewe hubadilika kufuatana na idadi ya majirani: sodiamu yenye majirani sita ni 102, yenye wanane ni 118. Kwa hiyo kabla ya kugawanya, angalia jedwali lako limepima kwa majirani wangapi. Namba ikiangukia karibu na mpaka, sema "inaelekea kuwa hivi", usiape.

Hatua ya saba: panga na ndoo ya maji

Umewahi kumwona fundi akichoma panga mpaka liwe jekundu, kisha akalitumbukiza majini likalia? Anachokifanya ni kuchezea matundu.

Chuma baridi kina mpango wa majirani wanane. Kikifika nyuzi 912 za Selsiasi kinageuka, kinachukua mpango wa shaba. Sasa linganisha. Mpango wa shaba umebana zaidi, 74 dhidi ya 68, kwa hiyo mtu angedhani matundu yake ni madogo. La. Tundu kubwa la mpango wa shaba ni 0.414r, ilhali tundu kubwa la chuma baridi ni 0.291r tu. Chuma baridi kina uwazi mwingi kwa jumla, lakini umetawanyika katika vitundu vingi vidogo. Mpango wa shaba una uwazi kidogo, ila umekusanyika mahali pamoja.

Kaboni iliyochanganyika na chuma cha panga, yenye r ya pikomita 77 hivi, haienei vizuri popote. Tundu la chuma cha moto ni kama pikomita 53, la chuma baridi kama 36. Lakini katika chuma cha moto inajibanza, na kinaweza kuibeba mpaka asilimia 2.1 ya masi. Chuma baridi hakiwezi kufika hata asilimia 0.03.

Chuma kikipoa polepole, kaboni hupata muda wa kuhama na kujitenga. Kikitumbukizwa majini, atomu za chuma hurudi kwenye mpango wao kwa ghafla na kaboni inanaswa humo ndani. Haikai hata kwenye tundu lile la 0.291. Inajiingiza kwenye tundu jingine, lenye majirani sita lakini bapa, la 0.155r, ambalo majirani wawili tu ndio wako karibu. Inawasukuma hao wawili, na mchemraba unarefuka upande mmoja. Ukingo wa a hauko sawa tena pande zote tatu, safu za atomu haziwezi kuteleza kirahisi juu ya nyingine, na makali ya panga yanakuwa magumu. Yanakuwa pia mepesi kuvunjika, ndiyo maana fundi mzuri hulirudisha panga motoni kidogo, joto la chini, kabla ya kulikabidhi kwa mwenyewe.